UZI: Edward Tingatinga alichora miaka minne tu. Kwa nini picha zake hazifanani na hizi za leo?

Mpakarangi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kuna uzi ulipita humu majuzi, mtu kaweka picha ya chui mwenye madoadoa halafu akauliza, "Hivi haya mapicha ya Wazungu nani huwa ananunua?" Watu wakacheka, mods wakafunga, maisha yakaendelea. Mimi ni fundi rangi: kuta, mageti, mabango ya maduka na saluni. Sijasomea popote, nilishika brashi nikiwa kibarua nikajifunzia hukohuko saiti. Lile swali lilinikereketa, nikasema nije nishushe ninachokijua kuhusu mwenye jina lenyewe. Ni ndefu, mwenye haraka apite tu.

Tuanze na hili: Tingatinga tunayoizungumzia hapa si ile mashine ya kuchonga barabara. Ni aina ya picha iliyobeba jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, na hilo la mwisho ni la baba yake. Mzaliwa wa wilaya ya Tunduru, kijiji ambacho leo kinaitwa Nakapanya. Vitabu vingi vinaandika mwaka 1932. Baba Mngindo Mwislamu, mama Mmakua Mkristo, ndiyo maana mtu mmoja kabeba Edward na Saidi kwa pamoja. Kwa watu wa kusini hiyo haishangazi.

Miaka ya 1950 akafanya walichofanya vijana wengi wa huko, akapanda kwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Wazee wetu wanaijua hiyo safari vizuri. Baadaye akashuka Dar, akapata kazi ya nyumbani kwa afisa wa Kiingereza. Jikoni, bustani, kazi za boi kama zilivyoitwa enzi hizo. Uhuru ukaja 1961, Mzungu kafunga mizigo, jamaa akabaki mjini na vibarua vya hapa na pale.

Kuchora kaanza kwenye 1968, umri umeshavuka thelathini na kitu. Hakuna mwalimu, hakuna darasa, hakuna Mzungu wa kumshika mkono. Picha zikawa zinauzwa nje ya Morogoro Stores pale Oysterbay, duka ambalo familia za wageni zilikuwa zinaenda kununua mahitaji. Alipooa, mkewe Agatha Mataka akawa anakaa na picha barazani. Jamaa mwenyewe akapata ajira Muhimbili, msaidizi wa wauguzi wodini, kwa hiyo kuchora kukawa kazi ya baada ya kazi. Hapo mtu wa Dar anamwelewa kabisa: mshahara mmoja na "kitu pembeni".

Ngoja nipate chai, narudi na sehemu ninayoipenda.

Karanga za Kukaanga

Siti ya mbele, karanga ninazo. Shusha mkuu.

Dada wa Kijitonyama

Nimepita pale Morogoro Stores maisha yangu yote naenda kazini na sikuwahi kujua kuna mtu mwenye jina hilo. Nilijua ni "sanaa ya Tingatinga" kama vile mtu anavyosema "batiki". Naweka kambi.

Mpakarangi (mleta uzi)

Haya, tuendelee. Wasomi wakiandika kuhusu huyu mzee wanapenda kusema kipaji asilia, nafsi safi, mtoto wa kijijini aliyebeba pori moyoni mwake. Maneno matamu sana. Mimi nikiziangalia picha zake naona fundi anayejua kubana gharama.

Angalia alichochorea. Hadibodi, ile ya kupiga dari. Shiti nzima ni futi nne kwa nane. Picha zake nyingi ni mraba, kama futi mbili kwa mbili, sentimita sitini na kidogo. Piga hesabu: shiti moja inatoa vipande nane kamili na hakibaki hata cha kuwashia jiko. Watu wanaandika kurasa kuhusu "utulivu wa mraba". Mkuu, ni msumeno huo. Mtu wa vibarua hawezi kukata saizi inayomwachia makombo.

Halafu rangi. Hakutumia zile za kwenye tyubu za wachoraji wa shule. Alitumia glosi, rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, unayonunua kwenye kikopo dukani. Hii rangi mimi naijua tabia zake kama ninavyojua tabia za mke wangu. Ni nzito, inang'aa, inakauka kwa kujivuta, na haipendi kuchanganywa ikiwa mbichi juu ya ubao. Ukigusanisha nyekundu mbichi na nyeupe mbichi unapata uji. Kwa hiyo huwezi kufanya kile wanachofundishwa vyuoni, kuyeyusha kivuli taratibu kutoka gizani kwenda mwangani ili tumbo la tembo lionekane limejaa. Rangi inakugomea.

Sasa utafanyaje? Utafanya alivyofanya. Unalaza ubao chini, unapaka usuli wote kwa rangi moja au mbili, unauacha. Usiku mzima, siku za masika hata zaidi. Ukikauka ndipo unamchora mnyama juu yake, umbo moja kubwa linalojaza ubao, kingo kali. Unaacha tena. Kisha unarudi na mistari na madoa. Kila tabaka linasubiri lenzake. Ndiyo maana wanyama wake wamekaa bapa, wamekatwa kama kwa mkasi, na hakuna kivuli chini ya miguu. Watu wanaona "utoto" pale. Mimi naona mtu anayeiheshimu rangi yake.

Na kuna kitu rangi hii inakupa ambacho nyingine hazikupi: mstari. Inavuta. Ukiwa na brashi ndefu ya nywele laini na mkono usiotetemeka, unavuta shingo ya ndege kutoka kifuani mpaka mdomoni kwa pumzi moja bila kuchovya tena. Sisi wa mabango tunaandikia herufi kwa rangi hiyohiyo kwa sababu hiyohiyo. Na madoa je? Doa la rangi ya mafuta hulipaki, unalitua. Unachovya ncha, unagusa, unanyanyua, lenyewe linajikusanya kuwa duara na kuvimba kidogo. Likikauka, ukipitisha kidole unalisikia kama upele. Tafuta mtu mwenye picha ya zamani umwombe uipapase ubavu wa chui. Utaelewa ninachosema.

Chuma cha Reli

Mkuu unaandika vizuri ila tuache kudanganyana. Mwanangu yuko darasa la pili anachora tembo wa hivyohivyo. Tena wa kwake ana kivuli.

Mpakarangi (mleta uzi)

@Chuma cha Reli mpe huyo dogo kikopo cha glosi, brashi namba mbili na kipande cha hadibodi, halafu mwambie avute mkonga kwa mkupuo mmoja. Ulete picha hapa, tupo. Na umwandalie tina ya kunawa mikono na kusafishia sakafu.

Mwanafunzi wa Mlimani

Kwa @Chuma cha Reli: hoja ya "mwanangu anachora hivyo" ni ya zamani sana. Henri Rousseau wa Paris aliambiwa hayohayo. Alikuwa mtumishi wa kituo cha ushuru, anakusanya kodi ya bidhaa zinazoingia mjini, akajifundisha kuchora akiwa mtu mzima. Alichora misitu yenye simba na nyani, na hakuwahi kutoka Ufaransa! Mimea alikuwa anaenda kuitazama kwenye bustani ya mimea ya Paris. Watu walikuwa wanaenda kwenye maonyesho kumcheka. Mwaka 1908 Picasso akamwandalia karamu kwenye studio yake, na mpaka leo watu wanabishana kama ile karamu ilikuwa heshima au utani. Alifariki 1910.

Ila mtu ninayemwona yuko karibu zaidi na hoja ya mleta uzi ni Niko Pirosmani wa Georgia. Huyu alikuwa fundi mabango. Alichorea vilabu vya pombe mjini Tbilisi, mara nyingi kwa malipo ya chakula na kinywaji. Alichorea kwenye kitambaa cheusi cha mpira, kile cha kufunikia meza, na pale alipohitaji rangi nyeusi hakupaka kitu, alikiacha kitambaa chenyewe kionekane. Alifariki 1918 akiwa fukara kabisa.

Mpakarangi (mleta uzi)

@Mwanafunzi wa Mlimani dah! Huyo wa mwisho ni mwenzangu kabisa. Kuacha kitambaa kiwe ndiyo rangi nyeusi, hiyo ni akili ya fundi anayelipwa ugali. Asante kwa madini, ongeza kama unayo.

Mwanafunzi wa Mlimani

Yupo pia Alfred Wallis, mvuvi wa St Ives, Uingereza. Mkewe alipofariki akaanza kuchora, umri kama miaka sabini, anasema ni kwa ajili ya kujipa kampani. Alichorea kwenye vipande vya maboksi ya maduka kwa rangi ya kupakia mashua. Boksi likiwa limekatika upande, meli inafuata mkato. Alifia kwenye nyumba ya maskini mwaka 1942, wakati huo wasanii wakubwa wa London walishakuwa na kazi zake ukutani.

Ninachotaka kusema ni kwamba hawa watu hawakuwa wanajaribu kuchora kama wasomi wakashindwa. Walianza na kitu kilichokuwa mkononi. Hapo nakubaliana na mleta uzi. Ninapotofautiana naye ni kwenye "hakuna mwalimu". Wapo watafiti wanaosema Tingatinga aliona picha za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zinatembezwa Dar miaka ya 1960, akajiambia hata mimi naweza.

Mtu wa Tunduru

Hizo za Kongo mimi huwa zinanichosha. Ina maana mtu wa kusini hawezi kuanzisha kitu mpaka aonyeshwe na jirani? Kwetu kuta za nyumba zilikuwa zinachorwa tangu bibi zetu. Udongo mweupe, mwekundu, majivu, unakuta kasa, unakuta ndege, unakuta mtu na baiskeli. Mvua ikipiga inafutika, mwakani wanachora upya. Mtoto anakulia hapo. Na wanyama kule hakuhitaji kuwaona kwenye kitabu, Selous hiyo hapo juu. Chui kwetu si mapambo, chui ni habari ya mbuzi wangapi wamebaki.

Mpakarangi (mleta uzi)

@Mtu wa Tunduru na @Mwanafunzi wa Mlimani, mimi naona mnagombania kitu ambacho kinaweza kuwa vyote viwili. Fundi anajifunza kwa macho. Mimi herufi zenye kivuli niliziiba kwenye bango la kinyozi mmoja Buguruni, nilikuwa nasimama pale kama nasubiri daladala. Hakuna aliyenifundisha, na hakuna anayeweza kusema nimezaliwa nazo. Kama Edward aliona Mkongo anauza picha barabarani akagundua kumbe kuna mpunga kwenye hili jambo, sawa. Miaka hiyohiyo Wamakonde walikuwa wanawauzia wageni walewale vinyago. Soko alilikuta. Lakini namna chui wake alivyokaa kwenye ubao, mnyama mmoja na usuli mtupu, hiyo sijaona alikoitoa zaidi ya kwake.

Wacha nimalizie maisha yake maana hayakuwa marefu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya umma ya sanaa ikaanza kuchukua kazi zake, soko likawa na uhakika kidogo. Hapo akafanya kitu ambacho naona ni kikubwa kuliko picha zenyewe. Akawaita ndugu na watu wa nyumbani wakae naye kujifunza. January Linda, Adeusi Matambwe, Casper Tedo, Simon Mpata, Abdallah Ajaba, Omari Amonde. Ilikuwa kama gereji tu: unaanza kwa kupaka usuli, unapanda kujaza rangi, siku ukiaminiwa unapewa mstari.

Mwaka 1972 alikuwa kwenye gari usiku. Polisi walikuwa wanawasaka wahalifu, wakadhani gari lile ndilo, wakapiga risasi. Edward akafa. Umri kama miaka arobaini. Ukihesabu toka 1968, alichora miaka minne. Sisi tuna mafundi humu wana miaka minne hawajarudisha hata deni la ngazi.

Karanga za Kukaanga

Duh. Hiyo ya mwisho sikuijua. Karanga nimeweka pembeni.

Dada wa Kijitonyama

Pole kwa familia, hata kama ni miaka mingi. Sasa mkuu swali langu ni lilelile la kichwa cha uzi. Hizi ninazoziona leo zimejaa kweli. Twiga ishirini, samaki hamsini, Kilimanjaro nyuma, Wamasai watatu wamesimama. Umesema yeye alichora mnyama mmoja. Nani kajaza ubao?

Mpakarangi (mleta uzi)

Soko limejaza, dada. Wanafunzi wake walibaki wakaendelea palepale, wakajikusanya, na mwaka 1990 wakasajili ushirika wa Tingatinga, makazi yake ndiyo hapo Morogoro Stores unapopita. Kutoka wale wanafunzi sita idadi ikaenda kwenye makumi, kisha waliotoka nje ya ushirika, kisha waliojifunza kwa waliotoka. Kila mmoja akitafuta la kumtofautisha na jirani anayeuza hatua tatu toka kwake.

Na ubao ukabadilika. Mtalii hawezi kubeba hadibodi ya futi mbili kwenye ndege, kwa hiyo wakahamia kitambaa kilichowambwa kwenye fremu. Unakitoa, unakikunja, kinaingia kwenye begi. Kwenye kitambaa mnyama mmoja kwenye usuli mtupu anaonekana mpweke, mnunuzi anahisi kapunjwa. Mgeni mmoja nilimsikia kwa masikio yangu anapatana, anasema, "Hii ina ndege watatu tu, ile ina kumi na bei moja." Wewe ungekuwa mchoraji ungefanyaje? Unaongeza ndege.

Siwadharau lakini. Nendeni mkaone wanavyokaa chini wamezungukwa na vikopo, mmoja anafanya usuli wa kitambaa kumi kwa mfululizo, rangi inatoka njano inaingia chungwa bila mshono. Kuipeleka glosi hivyo kabla haijaanza kushika kunataka kasi, mimi kwenye ukuta wa mita tatu huwa natoa jasho. Na wapo waliotoka kabisa kwenye wanyama. David Mzuguno alichora misitu yenye majani na ndege mpaka jicho linakosa pa kutulia. Mohamed Charinda alichora habari: mganga, hospitali, visa vya kijijini, unasimama mbele ya picha moja unasoma kama gazeti. Simon Mpata alihamia Nairobi, akafariki 1984, na Wajapani walivyompenda kuna hoteli ya kitalii Masai Mara imebeba jina lake. Sisi hapa hata mtaa hatujampa.

Muuza Vinyago Mwenge

Nipo kwenye biashara hii toka nikiwa mdogo, nisaidie kidogo. Kinachotuua si kujaza ubao, ni kunakili. Mteja akipenda simba wa fulani, kesho simba huyo yuko kwenye meza tano. Anayeuza anakwambia, "Ni Tingatinga hiyo," basi, jina la aliyechora haliulizwi. Kuna hoteli moja, siitaji, walikuja wakachukua kazi za vijana kama mfano, wakasema watatoa oda ya vyumba vyote. Oda haikuja. Baada ya muda mmoja wetu akaenda kupeleka mzigo mwingine akakuta vyumba vimepambwa, zimechapwa kwenye karatasi na mashine. Sahihi wameikata pembeni.

Chuma cha Reli

Hapo sasa mmenigusa. Si waende COSOTA, wale wa hakimiliki?

Kanzu ya Wakili

Nichangie kama mtu wa sheria, bila kumtetea wala kumhukumu mtu. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda kazi: picha hii, iliyochorwa na huyu. Mtindo hailindi. Chui wa mtu akinakiliwa kama alivyo, anaweza kudai. Lakini "kuchora wanyama kwa rangi ya glosi na madoadoa" ni njia ya kufanyia kazi, haina mwenyewe kisheria. Ndiyo maana mwaka 2010 kulipotoka katuni ya watoto kwenye runinga ya Uingereza, imetengenezwa Nairobi, ina jina na mwonekano wa Tingatinga, mjadala mgumu ulikuwa kwenye jina. Jina linaweza kulindwa kama alama ya biashara, ila lazima mtu aamke mapema akalisajili, tena kila nchi kivyake.

La pili, sheria ile iliweka ulinzi wa uhai wa msanii na miaka 50 baada ya kifo. Mzee alifariki 1972. Hesabu mwenyewe.

Kwa kesi ya hoteli: kile ni kazi ya kijana aliye hai na sahihi imekatwa. Hiyo ni kesi nzuri kama ana picha ya simu aliyoipiga kazi yake kabla haijaondoka mkononi. Vijana, pigeni picha kazi zenu na tarehe ionekane. Ni bure.

Mpakarangi (mleta uzi)

@Kanzu ya Wakili hilo la kupiga picha naliunga mkono. Hata mageti napiga.

Mimi nina dukuduku moja tu na huu utaratibu wa kuuza kila kitu kwa jina la Edward. Linawalisha watu, sawa. Ila Adeusi alikuwa na ndege wake, Linda alikuwa na mkono wake, na mtu akizijua kazi zao anazitofautisha kwa mbali kama unavyotofautisha sauti za waimbaji. Leo zote zimepigwa muhuri mmoja. Wachonga vinyago nao yamewakuta, ila angalau George Lilanga aliyetoka Nyumba ya Sanaa watu walimjua kwa jina lake, na ulaya wakamnunua kwa jina lake. Jina la mzee limekuwa mwavuli mzuri, shida waliosimama chini yake hawaonekani sura.

Mtu wa Tunduru

Na Nakapanya je? Kuna chochote pale cha kumkumbuka? Maana nikienda nyumbani naona mahindi na boda tu.

Mpakarangi (mleta uzi)

@Mtu wa Tunduru hilo tuanzishieni nyie wa huko. Mkipata ukuta, nakuja na vikopo vyangu, nauli mnilipie.

Mama Kulwa Ilala

Samahani wanangu nachelewa kuingia, mambo ya jikoni. Mimi nina picha ilikuwa ya marehemu mama mkwe, iko sebuleni toka naolewa. Ni ndege mwenye mkia mrefu, na imeandikwa pembeni TINGATINGA kwa herufi kubwa. Baba Kulwa anasema nisiiguse ni mali. Kuna kijana amepita hapa anasema atainunua laki tano. Nimpe?

Chuma cha Reli

Mama USIMPE. Subiri wataalamu.

Mpakarangi (mleta uzi)

Shikamoo mama. Usimpe kwanza, na usiioshe wala usiipake vanishi, watu wanaharibu hapo. Ishushe ukutani taratibu, igeuze, utuambie ni ubao au kitambaa. Kama ni ubao, pima kwa futi ya cherehani tujue ukubwa. Angalia sahihi vizuri: kazi zake nyingi zimeandikwa E.S. TINGATINGA, na feki pia zimeandikwa hivyohivyo, kwa hiyo sahihi peke yake haitoshi. Tazama nyuma kama kuna maandishi, muhuri, stika ya duka, chochote. Hadibodi ya miaka hamsini nyuma inakuwa imepauka, kingo zimeliwa, na kwenye rangi utaona nyufa nyembamba au vumbi lililogandia kwenye madoa.

Mama Kulwa Ilala

Marahaba. Ni ubao. Futi mbili kasoro kidogo kila upande. Kona moja mchwa wamekula. Nyuma pamepauka kweli.

Karanga za Kukaanga

Mama weeee! Jengeni ghorofa!

Mama Kulwa Ilala

Ngoja, kuna maandishi ya kalamu, nimevaa miwani. Imeandikwa "oda nyumbani pia" halafu namba ya simu inaanza 0754.

Chuma cha Reli

😂😂😂 Mzee alikuwa na laini ya Voda!

Mpakarangi (mleta uzi)

Mama, mzee alifariki 1972, hiyo siyo yake. Lakini usiitupe, na ile laki tano iulizie mara mbili kama jamaa yuko siriasi. Halafu piga hiyo namba. Huyo ndiye mchoraji wako, kama bado anapatikana. Muulize jina lake kamili uliandike hapohapo nyuma kwa kalamu isiyofutika.